Rizista Niliyoikata

Wasomaji, niliwaacha pale mama aliponyoosha kiganja, nikaweka ufunguo wa karakana humo, na shemeji yangu akasema "ahsante" kwa upole, kama mtu aliyepokezwa chumvi mezani.

Kwa aliyeikosa sehemu hiyo, mambo ni haya. Karakana ilikuwa ya marehemu baba. Baba alitufundisha wanawe wawili, mimi na dada yangu mkubwa, kutengeneza kwa mkono amplifaya za valvu, zile za kusikilizia muziki nyumbani, zenye taa za kioo zinazowaka kama makaa. Dada aliolewa, akaweka bisibisi chini. Mimi nikabaki. Kisha mumewe, muuza miwani, ambaye mtaa mzima unamwita Mstaarabu kwa ajili ya mashati yake, akaja kutusaidia kutafuta wateja. Baada ya miaka miwili yeye yuko ndani, mimi niko nje.

Wengi mmeniandikia kunipa pole. Nawashukuru, lakini mkimaliza kusoma ya leo mtataka pole zenu mrudishiwe.

Nilipofukuzwa, niliacha mezani amplifaya moja iliyokwisha. Miezi tisa niliifanyia kazi. Transfoma zake nilizisuka mwenyewe, waya mwembamba kama unywele, mizunguko elfu tatu na zaidi, nahesabu kwa sauti ili nisipotee. Mtu akinisalimu katikati, simjibu. Nilipoteza marafiki wawili kwa transfoma zile.

Jumamosi moja nikasikia kwamba klabu ya wapenda santuri inakutana alasiri, na kwamba Mstaarabu anakwenda kuwaonyesha "kazi yake mpya."

Sikualikwa. Nilikwenda.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Viti vya plastiki, spika mbili kubwa kama makabati, na katikati, juu ya kitambaa cheupe, amplifaya yangu. Mstaarabu amesimama kando yake, shati limepigwa pasi hadi linakata.

"Kila waya humu ndani," alisema, "umelehemiwa kwa mkono huu."

Akaunyoosha huo mkono watu wauone. Mkono laini kama wa kichanga. Msomaji, mkono wa fundi lehemu una alama. Wangu una makovu kumi na mawili, na kila moja naweza kukutajia siku yake.

Kisha akaweka santuri. Mwanamke anaimba, gitaa moja tu nyuma yake. Ungedhani amesimama mle ukumbini, unasikia anavyovuta pumzi kabla ya neno. Bibi mmoja mbele yangu alivua miwani akajifuta macho. Mwenyekiti wa klabu, daktari wa meno mstaafu, alifumba macho, midomo ikawa inatetemeka.

Nilipaswa kufurahi. Kazi yangu ilikuwa inawaliza watu. Lakini machozi yao yalikuwa yanamwendea yeye, na yeye alikuwa anayapokea kwa kuinamisha kichwa, hivi, polepole, kama bwana harusi.

Santuri ilipokwisha wakapiga makofi. Mimi nikasimama juu ya kiti.

"Mwongo!"

Vichwa vikageuka vyote.

"Huyu hajui hata lehemu inayeyuka wapi! Hiyo ni yangu!"

Mstaarabu hakupandisha sauti. Ndiyo silaha yake, hapandishi sauti.

"Samahani sana, wapendwa. Huyu ni mdogo wa mke wangu. Tangu baba yao afariki hayuko sawa. Tumejaribu kumpeleka hospitali."

Mtu akasema, "Maskini." Mwingine akasema, "Mtoeni." Vijibwana viwili vya mstari wa nyuma vikanishika mikono.

"Ifungue!" nikapiga kelele. "Kama ni yako, ifungue chini, uwatajie kila kipande na kazi yake! Kimoja kimoja!"

Hapo mwenyekiti akafumbua macho.

"Hilo si ombi baya," alisema. "Sisi wengine tungependa kuona tumbo lake. Kesho saa kumi, hapahapa. Utatufungulia, bwana?"

Nilimwona Mstaarabu akimeza mate. Mara moja tu.

"Kwa furaha," akajibu.

Wakanitoa nje. Nilipaswa kwenda nyumbani, nilale, kesho yake nije nikae mstari wa mbele nitazame mtu akikwama kwenye kipande cha kwanza. Ushindi ulikuwa mkononi. Ningekuwa mtu wa kungoja, leo nisingekuwa na hadithi.

Lakini maneno yale yalikuwa yananichoma. *Tumejaribu kumpeleka hospitali.*

Watu walitoka kwenda barazani kunywa chai. Nikazunguka nyuma. Kuna kijimlango cha chumba wanamosafishia santuri, hakifungwi. Nikaingia. Ukumbi mtupu, viti vimetawanyika huku na huku. Amplifaya ilikuwa imezimwa, valvu zake bado za moto.

Fundi hatembei bila bisibisi. Niliilaza ubavu, nikafungua skrubu sita za bamba la chini. Nikangoja. Ndiyo kanuni ya kwanza aliyotufundisha baba: ukizima, usiguse, hesabu hadi sitini.

Hapa niwaeleze kitu, kwa kuwa bila hicho hamtajua ubaya wangu ulivyokuwa mkubwa. Ndani ya mashine hizi mna umeme wa volti zaidi ya mia nne. Hukaa kwenye kapasita, vikopo fulani virefu, kama maji kwenye tangi. Ukiizima na kuichomoa ukutani, tangi bado limejaa. Kwa hiyo pembeni huwekwa rizista ndogo, haizidi kidole cha mwisho, kazi yake ni kuyamwaga hayo maji polepole, ili mtu akiingiza mkono akute tangi tupu. Haichangii chochote katika muziki. Ipo kwa ajili ya kumlinda fundi tu.

Niliikata.

Mguu mmoja, kisha wa pili. Tik, tik. Nikaiacha palepale, imelala mahali pake, ili asiyejua asione tofauti. Nikarudisha skrubu sita.

Nilijiambia atarushwa tu. Atakaa kitako mbele ya klabu nzima, shati litoke kwenye suruali, watu wacheke. Hivyo ndivyo nilivyojiambia nikiwa njiani.

Nilikuwa najidanganya. Nilijua inaweza kuua. Baba alituambia mara mia, na mimi si kiziwi.

Jumapili asubuhi simu ikaita. Mama.

"Umefurahi?" Hakuna salamu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba ya nini? Umepanda juu ya kiti, umemtukana mume wa dada yako mbele za watu wazima. Nimezaa mtoto au nimezaa king'ora?"

"Mama, ile mashine ni—"

"Najua ni ya nani! Unadhani mimi sina macho? Lakini nyumba haijengwi kwa kelele. Sasa umemtia mwenzako kwenye shida, na anayebeba shida hiyo ni dada yako. Tangu alfajiri yuko jikoni anakimbiza kazi ili amfundishe."

"Amfundishe nini?"

"Hayo matumbo ya mashine! Si umetaka ataje vipande? Wameileta nyumbani. Dada yako anasema akimaliza kuosha vyombo anaifungua, amwonyeshe kimoja kimoja kwa kidole."



Kwa kidole.

"Mama, mwambie asiifungue!"

"Mwambie mwenyewe. Mimi ndiyo naingia kwao hivi, na sitaki kulisikia jina lako hadi nimekunywa chai." Akakata.

Nilimpigia dada. Simu yake ilikuwa imenifungia tangu wiki ya ufunguo. Nikampigia Mstaarabu. Ikaita, ikaita, akapokea.

"Shemeji," alisema, na neno lenyewe alilitema kama kokwa. "Umeamka na uzushi gani leo?"

"Msiifungue ile mashine."

"Kwa nini?"

Hapo, msomaji, ndipo mlango ulipokuwa wazi. Neno moja la kweli lingetosha. Nikasema:

"Transfoma yake ina hitilafu. Inaweza kuungua."

Akacheka. "Jana nifungue, leo nisifungue. Umekumbuka kwamba mke wangu anaijua kazi, sasa unaogopa nitajibu maswali. Pole sana, shem. Saa kumi uje ukae mbele."

"Sikiliza—"

Hakuwepo tena kwenye simu. Nikapiga mara ya pili, ikawa imezimwa.

Nilipanda pikipiki ya kwanza niliyoiona. Dereva akaniuliza tunakwenda wapi, nikamwambia nenda tu, nitakuelekeza. Dakika ishirini. Nilihesabu njia nzima, kama ninavyohesabu mizunguko ya waya, na safari hii nilipotea hesabu.

Getini alikuwepo mlinzi wao, mzee mnene ambaye nimekula naye mara nyingi.

"Hawapo," alisema.

"Nasikia sauti ya mama ndani!"

"Wapo. Lakini nimeambiwa ukija wewe, hawapo."

"Mzee, kuna mtu atakufa humo."

"Hata hilo nimeambiwa utalisema."

Nikampita kwa bega. Akanidaka shati, mfuko ukabaki mkononi mwake, nikakimbia nikiwa nusu uchi kifuani. Nyuma yangu mzee ana filimbi, anaipuliza kama refa.

Niliingia sebuleni bila hodi.

Mama kwenye kochi, kikombe mkononi. Mstaarabu kwenye meza ya chakula, daftari mbele yake kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Juu ya meza, amplifaya yangu imegeuzwa miguu juu. Bamba la chini limeshatoka. Valvu zote zimechomolewa, zimepangwa juu ya taulo zisivunjike.

Na dada, ameinama, mkono wa kulia umeingia ndani hadi kifundo.

"Na hivi virefu viwili," alikuwa anasema, "ndivyo—"

"Usiguse!"

Mkono ukasimama hewani. Ncha ya kidole chake haikuwa hata na unene wa sarafu kutoka pale.

"Toa mkono, dada. Polepole. Usiguse pembeni."

"Nani amekufungulia geti?"

"Toa mkono!"

Akautoa. Nadhani ni sauti yangu, haikuwa ya ugomvi. Mstaarabu alikuwa ameshasimama, anavuta kiti kando, anakuja.

"Leo nitakuonyesha ustaarabu wenyewe," alisema.

"Uliiwasha?" nikamuuliza.

"Ukoo mzima ni wa mahakama? Niliiwasha kidogo asubuhi, nione kama taa ya mbele haikufa njiani."

Dada akamgeukia. "Uliiwasha baada ya mimi kuchomoa valvu?"

"Si taa ya mbele iliwaka? Basi."

Alichokifanya bila kujua ni kulijaza tangi hadi shingoni, valvu zenyewe hazipo za kunywa hata tone. Dada alilijua hilo. Lakini hakuogopa, kwa sababu baba alitufundisha tusiache kamwe kuweka rizista ya kumwaga, na alikuwa ameiona imelala mahali pake.

"Imeshamwagika," alisema. "Ilikuwa saa nzima iliyopita."

"Haijamwagika," nikasema. "Nimeikata."

Filimbi ya mlinzi ilinyamaza, au labda masikio yangu ndiyo yaliyonyamaza.

"Umekata nini?" mama aliuliza.

"Rizista. Jana. Nilitaka imrushe yeye." Nilimnyooshea kidole Mstaarabu. "Sikujua ni wewe, dada. Naapa sikujua ni wewe."

 Dada alichukua tochi, akamulika ndani, akainama bila kugusa. Alitazama muda mrefu. Kisha akaenda jikoni, akarudi na bisibisi ndefu yenye mpini wa mpira. Mkono wa kushoto akauweka mgongoni, umeme usije ukavuka moyoni, kama baba alivyotufundisha. Akaigusisha ncha kwenye kikopo na kwenye chuma cha chasisi, kile kiunzi cha mashine, kwa pamoja.

PAA!

Cheche ya buluu. Kikombe cha mama kikaanguka, chai ikamwagika kwenye zulia. Dada akaiinua bisibisi tuione: ncha ilikuwa imeliwa, kijishimo cheusi kama jino bovu.

"Hicho kilikuwa kidole changu," alisema.

Mstaarabu akakaa. Shati lake lilikuwa limeloa kwapani; ilikuwa mara ya kwanza kumwona na jasho. Sikuipata furaha niliyoitafuta.

Mama aliniambia neno moja tu. "Mnyama."

"Mama—"

"Usiniite."

Nilipiga magoti. Sikumwomba mtu yeyote msamaha.  Dada alisimama juu yangu, bisibisi bado mkononi.

"Unadhani ni nani aliyekutoa karakana?" akaniuliza.

"Mume wako."

"Mume wangu hawezi kumtoa paka jikoni. Ni mimi. Mimi ndiye niliyemwomba mama akunyang'anye ufunguo. Yeye nilimweka pale kwa kuwa sikutaka wewe uwe pale."

Nilimtazama Mstaarabu. Alikuwa ametazama daftari lake.

"Nilikukosea nini?"

Akaingia chumbani. Tulisikia droo ikivutwa. Aliporudi alikuwa na leso iliyofungwa fundo. Akaifungua juu ya meza, kando ya valvu.

Ndani mlikuwa na rizista moja, ya zamani, ile ya kahawia aliyopenda kutumia baba. Miguu yake yote miwili imekatwa.

"Siku tuliyomkuta baba amelala kifudifudi kwenye meza yake," dada alisema, "watu walisema moyo. Daktari akaandika moyo. Nyote mlitoka kwenda kupokea watu. Mimi nikabaki. Niligeuza mashine aliyokuwa anaifanyia kazi, nikaikuta hii humo."

"Dada."

"Miaka minne nimekaa na hii kwenye droo. Kulikuwa na watu wawili tu wenye ufunguo wa karakana, yeye na wewe. Na wiki ile mlikuwa mmegombana. Nilijiambia haiwezekani. Nilijiambia ni mdogo wangu, nimembeba mgongoni huyu. Nikasema hata kama ni yeye, sitamtia kamba shingoni, nitamtoa tu mbali na zile meza, asiue mwingine. Kila mwaka nikawa nasema labda nimemwonea." Akainyooshea kidole ile rizista. "Leo umeniondolea wasiwasi. Mkono ni uleule."

"Sikufanya hiyo! Wallahi sikuigusa hiyo! Baba tulikuwa tumegombana, ndiyo, kwa ajili ya mambo ya kazi, lakini—"

"Na hii?"

"Hii nimeifanya."

"Na hiyo hukuifanya."

"Sikuifanya!"

"Msikilizeni anavyosema," alisema kwa wale wawili, taratibu. "Msikilizeni jamani."

Nami nikajisikia. Msomaji, ningekuwa yeye, nami nisingemwamini mtu kama mimi. Kosa nililolifanya lilikuwa limekaa pale mezani, ubavuni mwa kosa nisilolifanya, yanafanana kama mapacha, na nilikuwa nimeungama moja kwa mdomo wangu mwenyewe. Nani angeniuliza habari ya la pili?

Mstaarabu alikuwa ameshatoa simu. Sasa alikuwa amepata sauti yake, ile ya chini.

"Napiga kituoni," alisema. "Na safari hii mke wangu usinizuie."

Dada hakumzuia. Alizikunja pembe za leso juu ya ile rizista, moja baada ya nyingine, bila kunitazama.

"Halo, polisi? Ndiyo, afande. Nataka kuripoti—"

"Weka simu."

Alikuwa ni mama. Hakuwa amesogea tangu kikombe kilipoanguka, chai bado inamchuruzikia kwenye kanga. Mstaarabu akaendelea kuzungumza. Mama akanyanyuka, akaizunguka meza, akamnyang'anya simu sikioni na kuizima.

"Mama, huyu alitaka kuniua," alisema Mstaarabu.

"Alitaka. Na kwa hilo atajibu, sitamtetea." Alinitazama kwa namna ambayo sijaisahau. "Lakini ile ya baba yenu hakuikata yeye."

Dada akainua kichwa. "Unajuaje, mama?"

Mama alinyoosha mkono, akaichukua leso na kilichomo, akaifumbata.

"Najua," alisema, "kwa sababu ilipokatwa, mimi ndiye niliyeshika tochi."